Noah ya volani ya kuume na karatasi yake safi



Juma lililopita tuliahidi kuendelea na habari ya kuweka mbegu za maharagi. Itangoja. Tangu siku ya posho watu wanatusimamisha sokoni, njiani, hata kwenye mlango wa darasa: "Na ile gari, mumenunua?" Afadhali tuandike mara moja ili wote wasikie neno moja, kwa sababu tayari kuna wanaosema tumekula pesa, na wengine wanasema tumenunua gari ya wizi. Hakuna pesa iliyoliwa. Gari haijanunuliwa. Sababu yake ndiyo hii.

Wengi wenu mnajua kwamba AVEC yetu imeweka akiba kwa miaka mitatu ili tupate gari moja ya watu wanane. Asubuhi ibebe watoto wa Simbilyabo na Rwambuzi mpaka shuleni, mchana ibebe mizigo ya mama wanaouza, na usiku ikae tayari kwa mama anayeshikwa na uchungu. Hiyo kazi ya usiku ndiyo iliyoanzisha maneno yote. Binti wa mmoja wetu alizalia kando ya barabara, kati ya pikipiki na mtaro, motari akitazama upande mwingine kwa haya huku mkono wake ukishika taa ya simu. Mtoto yuko mzima, sasa anatembea. Lakini nyanya yake alisimama katika mkutano akasema: "Mimi sitaki kuona vile mara ya pili." Kuanzia siku ile kila mmoja aliongeza hisa.

Basi ikapatikana Noah ya mwaka wa 1999, rangi ya majivu, dola 5 800. Iliingia kwa Mahagi kama nyingi zinavyoingia, na chini ya kibao chake bado kuna alama ya kibao cha Uganda. Muuzaji alitandika karatasi juu ya meza: karti roze, asiransi, vinyeti, na juu ya zote ile ya kontrole tekniki, mpya kabisa, muhuri wa mji mwingine, bado miezi kumi na mmoja kabla ya kuisha. Tulifurahi. Tukaanza hata kuuliza nani atakuwa shofere.

Mama mmoja wa komite, anayeuza mandazi karibu na kiwanja gari ilipokuwa inalazwa, aliomba ile karatasi. Akaisoma polepole, kidole chini ya kila neno, kisha akauliza muuzaji: "Tarehe hii gari ilikuwa wapi?" Yule akajibu ilikuwa kwa kontrole. Mama akasema: "Hapana. Tarehe hii gari ilikuwa juu ya mawe. Magurudumu mawili ya mbele yalikuwa yametolewa. Mimi niliketi mbele yake siku nzima, watoto wakacheza chini yake, nikawafukuza."

Kimya kikashuka. Muuzaji akasema karatasi ni karatasi.

Hatutataja ofisi, wala hatujui ni mkono wa nani uliopiga ule muhuri. Lakini sisi walimu tunalifahamu jambo hili kwa njia yetu. Mzazi akija na biletini nzuri ya mtoto ambaye hakuketi kwenye mtihani, hatumpandishi mwaka wa tano. Tunampa kipande cha karatasi na kalamu, tunamwambia: kaa hapa, fanya hesabu hii. Ndivyo tulivyoamua kufanya na Noah.

Kwanza tujue kontrole inatafuta nini. Sheria yetu ya barabara ni ya tarehe 30 mwezi wa 8 mwaka wa 1978, namba 78-022, na kontrole tekniki si neno geni kwake. Wazo lake ni lile la inchi zote: mtu asiye mwenye gari, asiyepata faida katika kuuza kwake, atazame freni, volani, taa, mipira, vyuma vya chini na moshi, kisha aseme ndiyo au hapana. Tukiwa na karatasi bila kutazama, tumelipa kodi tu.

Huko Japani, Noah inakotoka, gari ya familia ikiwa mpya hungoja miaka 3 kabla ya kupimwa, kisha inarudi kila miaka 2. Zamani ile iliyopita miaka 10 ilipaswa kurudi kila mwaka. Waliondoa sharti hilo mwaka wa 1995. Gari inawekwa juu ya mashine, magurudumu yanazungushwa, freni ya kila upande inapimwa peke yake, mwanga wa taa unapimwa unaangukia wapi. Inapitishwa pia juu ya ubao wa chuma ili kuona kama magurudumu ya mbele yanavuta kando: ikiteleza zaidi ya milimita 5 katika mwendo wa mita moja, inakataliwa. Pamoja na kodi na asiransi zinazolipwa siku ileile, gharama inakuwa kubwa kwa gari nzee. Kwa hiyo Wajapani wengi huuza gari kabla ya kontrole inayofuata. Hilo mulielewe vizuri, mama: gari nyingi tunazoziita "mpya kutoka Japani" zimeondoka kwao kwa sababu mwenyewe hakutaka kulipia mtihani mmoja zaidi. Haimaanishi gari ni mbovu. Inamaanisha mtihani ule haukufanyika, na baada yake ikaja meli, Mombasa, barabara ya Uganda, miaka ya mashimo, ndipo sisi.

Uingereza gari ikipita miaka 3 hupimwa kila mwaka. Mambo yanayoangusha gari nyingi kule ni taa, vyuma vya kushika magurudumu, freni na mipira. Injini siyo inayoongoza. Na kuna jambo lililotupendeza kuliko yote: mtu yeyote akiwa na namba ya kibao anaweza kusoma bure kwenye intaneti gari ile ilianguka mtihani mara ngapi, kwa kosa gani, na ilikuwa imetembea kilomita ngapi siku ile. Ujerumani wanaandika kila mwaka kitabu kizima kinachopanga gari kwa aina na umri, kuonyesha zipi zinafaulu na zipi zinaanguka. Fikirieni mama wa Mudzipela anabonyeza simu yake na kuona kwamba Noah hii iliangushwa mara tatu kwa freni. Bei ingeshuka palepale.

Mama mmoja alisema, uongo wa karatasi ni ugonjwa wetu sisi Wakongomani. Hapana, dada. Mwezi wa 12 mwaka wa 2023 Daihatsu, kampuni ya ukoo mmoja na Toyota, ilisimamisha kutoa magari yake yote baada ya kuonekana kwamba majaribio ya usalama yalichezewa miaka mingi. Hiyo ni Japani. Na mwaka wa 2020 wakaguzi wa Uholanzi walitazama gari za zamani zilizokuwa bandarini zikingoja kuletwa Afrika. Nyingi hazikuwa na karatasi ya kontrole inayofaa hata kwao. Walikuwa wanatutumia hivyohivyo.

Sasa Noah yenyewe. Watu wanasema "Noah" kana kwamba ni gari moja, kumbe ziko za namna mbalimbali, na kwa mama mwenye watoto tofauti ni kubwa.

Ile ya kwanza ilianza mwaka wa 1996. Injini yake imelala chini ya viti vya mbele, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Shofere akitaka kutazama injini anainua kiti. Kwa hiyo wengi hawatazami. Maji yanapungua, hakuna anayeona, mpaka siku kiti kinapowaka moto chini ya matako ya shofere (samahani kwa neno, lakini ndivyo fundi alivyosema). Ile ya pili ilitoka mwishoni mwa mwaka wa 2001. Injini ilihamia mbele, magurudumu ya mbele yanavuta, na ina mlango wa kuteleza pande zote mbili.

Shikeni hapo kwenye mlango. Noah ya kwanza ina mlango mmoja tu wa kuteleza, upande wa kushoto. Wajapani hawakukosea: kwao gari inatembea kushoto, basi mtoto anashukia kando, kwenye majani. Uganda vilevile, Kenya vilevile. Lakini gari ikivuka mpaka wa Goli inabadilisha upande wa barabara, na mlango haubadilishi upande. Kwetu tunatembea kuume. Mtoto akishuka kwa mlango wa kushoto anashukia katikati ya barabara, pale pikipiki zinapopita. Mwaka uliopita mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa tatu alishuka hivyo, mkoba mgongoni, akikimbia kwa sababu kengele ilikuwa imelia. Motari hakuwa na kosa, hakumwona. Mguu ulivunjika fasi mbili. Alirudi darasani baada ya miezi minne, na hata leo akisikia pikipiki anasimama bila kusogea.

Taa nazo ni jambo la namna moja. Taa ya gari iliyotengenezwa kwa kutembea kushoto huinua mwanga wake kidogo upande wa kushoto, ili kuonyesha watu wa miguu walio kando. Kwetu upande wa kushoto ndiko anakotoka mwenye kuja mbele yako. Hivi taa ndogo, hata ikiwa nzima kabisa, inampiga macho. Gari ileile inayofaulu taa kule Japani ingeanguka mtihani wa taa Ufaransa au Ubelgiji bila kuharibika kitu. Hatujui kama mumewahi kutembea usiku njia ya Komanda mkaona kila shofere anafunga jicho moja. Sehemu ya ugomvi wa "zima taa!" inatoka hapo. Kinshasa ilishatangaza marufuku ya kuingiza gari za volani ya kuume, na sababu ya kupita wengine njiani ni kubwa kuliko ya taa: shofere aliyeketi kuume lazima atoe nusu ya gari nje ndipo aone kama kuna lori mbele. Sisi tunaoketi kushoto kwake ndio macho yake. "Mama, tazama, naweza kupita?" Mama gani alifundishwa kazi hiyo?

Lakini tuseme ukweli, Ituri tuko karibu na Mombasa kuliko Matadi. Gari zinazotufikia kwa bei yetu ni hizo. Kukataa volani ya kuume ni rahisi kwa mwenye pesa.

Siku ya posho tulipeleka Noah kwa fundi wa garaji moja ya Nyakasanza, kijana tuliyemfundisha zamani, aliyekuwa mbaya sana katika Kifaransa na mwepesi sana wa mikono. Tulikuwa mama watano. Muuzaji alikuja pia, amekunja mikono.

Fundi alianza na kilima kidogo nyuma ya garaji. Akasimamisha gari katikati ya mteremko, akavuta freni ya mkono, akatoa mguu. Noah ikashuka taratibu, kama ng'ombe anayeenda kunywa maji. Mama wa sanduku, aliyekuwa amesimama nyuma, aliruka na kitenge chake mkononi. Tulicheka, lakini kidogo.

Kisha akainua gurudumu la mbele kwa jeki, akashika juu na chini, akatikisa. Lilicheza. Akatufanya kila mmoja aguse na kutikisa, ili asiseme mtu kwamba fundi amepangana na sisi. Ni rotile, ile nyama ya chuma inayoshikilia gurudumu. Ikikatika gurudumu linalala, na gari inaenda inapotaka. Mashimo yetu ndiyo yanayoila. Upande wa pili ulikuwa na nafuu kidogo tu.

Mipira tulipima wenyewe kwa rula ya mwanafunzi. Japani na Ulaya wanakataa mpira ambao mifereji yake imebaki chini ya milimita 1.6. Kwa macho mipira yote minne ilikuwa mizuri; ukiingiza mkono upande wa ndani, miwili ilikuwa laini kama sahani. Mpira ukilika ndani tu, ni hao hao rotile wanaokusalimia. Na kwenye ubavu wa kila mpira kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. Mmoja uliandikwa 2309. Mpira wa mwaka wa 2009, ungali unabeba watoto! Hilo hata mtoto wa mwaka wa pili anaweza kusoma, basi someni.

Mikanda: viti vinane, mikanda mitatu inafunga. Mingine ilikatwa kwa kisu, tunafikiri kwa kufunga mizigo. Wipa moja. Honi nzuri sana, inasikika mpaka kwa askofu. Injini yenyewe fundi aliisifu, akasema hizi zina uvumilivu, zimepoteza maji kidogo tu. Na hapo ndipo muuzaji alipopata nguvu: "Mumeona? Injini ni nzima!"

Fundi alihesabu rotile mbili, mipira mitatu, kazi ya freni za nyuma, mikanda ya zamani ya kutafuta, na kurekebisha taa kwa kushusha mwanga: karibu dola 700. Mlango hakuna wa kuurekebisha. Muuzaji alikubali kupunguza dola 150, akaondoka akisema kuna wateja wa Aru wanaongoja, na karatasi yake iko safi.

Jioni ile tulikaa mpaka giza. Hatutaki kuwaficha kwamba hatukuwa na moyo mmoja. Yule nyanya tuliyemtaja alisema maneno ambayo bado yanatuchoma: "Ninyi walimu mnapima kwa rula. Mimi napima kwa usiku. Gari hii mbovu ingekuwepo siku ile, mjukuu wangu angezaliwa chini ya paa." Wengine wakaitika. Nao wana haki; kila juma tunalongoja kuna mama mwenye mimba ya miezi tisa katika kartie yetu, na tunajua majina yao.

Sisi tulimjibu kwa heshima kwamba gari ile, usiku, kwenye mteremko, freni ikiteleza, ingekuwa na mama mzazi ndani yake, na shofere, na mkunga. Hakujibu. Alifunga kitenge chake akaomba maji. Mpaka tunaandika hatujui kama tulimshinda au tulimchokesha tu.

Kura ilikuwa kumi na nne dhidi ya tisa: tusinunue ile, tuendelee kutafuta, lakini tusipite mwezi mmoja. Kwa kungojea, dola 120 zimetolewa katika sanduku la msaada kwa motari wawili wa kartie wenye pikipiki nzuri, ili walale na simu wazi na waitikie mama yeyote wa kikundi usiku. Nyanya ndiye aliyepewa kuwachagua. Aliwapima freni kwanza, tumesikia.

Sanduku liko fasi yake, funguo tatu kwa mama watatu, kama kawaida. Kuna Noah nyingine huko Lumumba, ya mwaka wa 2003, milango pande mbili, bei imezidi ya kwanza kwa dola 900. Muuzaji wake naye ana karatasi ya kontrole. Tumemwambia aibebe, tutaisoma mwisho. Tunaenda siku ya posho, saa mbili asubuhi. Anayetaka kuja aje na rula, na taa ya simu iliyojaa moto. Tumemwomba mwenye gari asiiwashe kabla hatujafika. Fundi anataka kuigusa injini ikiwa baridi na kuisikia inapoamka. Tukikuta kifuniko cha injini kina joto, tutajua kwamba alitutangulia.